Kujiandaa na Kili Marathon ukiwa na kazi na watoto, watu wa Mtwara na Lindi mnafanyaje?

Mpimaji wa Chikongola

Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, kazi yangu ni kwenye ghala la korosho upande wa kupokea mzigo na kupima. Mwaka jana dokta aliniambia presha inapanda nianze kutembea, nikatembea, baadae nikajikuta nakimbia na sasa hivi sioni kama ntakuja kuacha. Km 8 mpaka 10 namaliza vizuri tu. Sasa nataka nusu marathon ya Kilimanjaro, zile km 21.1 pale Moshi mwishoni mwa Februari.

Shida ni ratiba. Kuanzia Oktoba msimu wa korosho unaanza, minada kila wiki, malori ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) yanapanga foleni nje, kutoka saa kumi na mbili jioni ni bahati, kuna siku inafika saa tatu usiku. Asubuhi nako wife anakaanga vitumbua anauza hapo nje, wateja wake ni wa kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu, kwahiyo kuogesha watoto na kuwapeleka shule ni kazi yangu, mmoja yuko la pili mdogo yuko chekechea. Na ndio miezi ile ya joto letu. Programu zote nazoziona mtandaoni ni siku 5 au 6 kwa wiki. Mwenye kazi na familia na anakimbia masafa marefu, hizo kilomita mnaziweka wapi? Nyumba isiyumbe kwa ajili ya mbio, hilo sitaki kabisa.

Alfajiri Tu

Mkuu jibu ni moja, saa kumi usiku uko barabarani. Saa kumi na moja na nusu umerudi umeoga watoto bado wamelala. Novemba kwetu huku jua linatoka kabla hata ya saa kumi na mbili, ukisubiri kupambazuke umeshachelewa joto limeanza. Mi nafanya hivo miaka sasa na sijawahi kumkwaza mtu nyumbani. Nidhamu tu.

Mama Nuru Lindi

Kaka Alfajiri heshima yako, ila ushauri huo unamfaa mtu anaelala saa tatu. Huyu ndugu anatoka kazini saa tatu usiku, ale, aoge, aongee na mke wake, atalala saa tano. Akiamka saa kumi amelala masaa matano. Afanye hivo wiki nzima juu ya kazi ya kusimama juani kupima magunia halafu tumwambie aongeze kilomita? Na ana presha. Mwili unajijenga ukiwa umelala, mazoezi yenyewe yanaubomoa, sasa ukiiba usingizi ili ukimbie ujue unakimbia bure na goti au kisigino kitakuja kudai chake.

Mi ni muuguzi, kazi zangu za zamu, nina watoto watatu. Kitu kilichonisaidia ni kukaa chini na baba watoto tukaangalia wiki yote kabla haijaanza, sio kumwambia tu "nimetoka nakimbia". Maana ukitoka masaa mawili kuna mtu amebaki na watoto hayo masaa mawili, na huyo mtu nae ana mambo yake. Kwetu mimi nina asubuhi moja ndefu kwa wiki ambayo haiguswi, yeye ana jioni zake mbili za mpira na hizo pia haziguswi, nikiwa zamu ya usiku hatudaiani. Kaka Mpimaji, mke wako anaamka kuumua unga usiku na kukaa kwenye moto asubuhi yote, je yeye ana saa lake la peke yake kwenye wiki? Anza hapo, ukishampa lake kuomba lako inakua rahisi sana. Naongea hivi kwa sababu nimeona wanaume wengi wanaanza mbio kwa moto halafu wiki ya sita nyumbani hakukaliki, na wanasema mke hapendi michezo, kumbe mke amechoka tu.

Nyingine, mimi gizani sikimbii, mwanamke peke yake saa kumi usiku hapana. Nakimbia ufukweni maji yakitoka, mchanga ule uliolowa unakua mgumu na miguu haiumii kama kwenye lami. Ila fuata mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanapojaa na kutoka sana, yanajaa mida ya saa kumi alfajiri, kwahiyo saa kumi na mbili bado hakuna pa kupita, yanakauka mida ya saa nne na jua ndo hilo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji hayapandi sana, ndio asubuhi unakuta njia, japo nyembamba. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 hivi, muulize mvuvi yeyote atakupangia wiki nzima.

Mwalimu wa Michezo Ligula

Dada Mama Nuru umemaliza upande wa nyumbani, mi niongeze upande wa mazoezi.

Mpimaji, achana na hizo programu za siku 6. Simbu, mkimbiaji wetu, alivyochukua dhahabu ya dunia ya marathon Tokyo mwaka 2025, kwa muda wa saa 2:09:48, kamzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03, sote tulilia kwa furaha, ila yule kukimbia ndio ajira yake, akimaliza mazoezi anapumzika ili akimbie tena. Wewe ukimaliza unaenda kubeba magunia. Kwa nusu marathon siku tatu zinakutosha kabisa kama kila moja ina kazi yake.

Moja ni ndefu na hii ndio roho ya maandalizi, ukikosa zote usikose hii. Unaanza na km 10 ulizonazo, unaongeza moja moja, kila wiki ya nne unapunguza, ukifika 18 au 19 tulia hapo, siku ya mbio zitakazobaki utazimaliza. Kimbia taratibu kiasi kwamba mtu akikuuliza kitu unamjibu sentensi nzima bila kuhema. Watu wengi hapa mjini wanakosea hapa, kila siku wanakimbia kama wanafukuzwa, hawaendi haraka na hawaendi mbali.

Ya pili ni ya mlima. Mtwara mjini ni tambarare sana na mbio za Moshi zinapanda kuelekea Mweka, ni mlima mrefu wa pole pole unaokula mapaja, halafu Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari na sisi tunaishi sifuri. Kilima ulichonacho karibu ni Mikindani, pale kwenye Boma la Wajerumani na kupanda juu zaidi. Panda kwa nguvu kiasi, shuka unatembea, rudia mpaka miguu iseme basi. Nusu saa inatosha. Wiki ambazo hufiki Mikindani panda ngazi popote zilipo.

Ya tatu hii nadhani ndio itakuokoa msimu wa korosho. Kazini unaenda na nini, bodaboda? Asubuhi nenda nayo, jioni rudi kwa mguu unakimbia. Acha nguo za kazi hapo hapo, beba simu na funguo tu. Muda ule ambao ungekaa unasubiri boda unageuka mazoezi, na ukifika home umemaliza, hutoki tena. Ikifika saa tatu usiku umechoka panda boda ukalale, wala usiilipe kesho yake.

Na kuhusu ile ndefu, mjini mpaka Mikindani ni kama km 10. Jumapili unatoka nyumbani mapema, mama na watoto wanapanda daladala baadae mnakutana kule, watoto wanacheza ufukweni mnakula samaki mnarudi wote. Zikiongezeka unaanza na mzunguko wa Shangani kwanza. Kimbia upande wa kulia uone magari yanayokuja usoni, ile barabara ina malori ya saruji na mabasi na pembeni hakuna nafasi kubwa.

Joto usiliogope ila liheshimu. Mwili unazoea ndani ya wiki mbili hivi, unaanza kutoka jasho mapema na moyo unatulia, ila unyevu wa huku jasho halikauki kwahiyo mwendo wako wa Julai usiulazimishe Desemba. Ukirudi kunywa madafu, au lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kwa vile una presha hiyo chumvi iwe kwa siku ile ndefu tu, na kabla hujaongeza kilomita rudi kwa dokta akupime, mweleze kabisa unataka km 21.

Mpimaji wa Chikongola

Asanteni sana wakuu. Dada Mama Nuru nimemsomea wife ulichoandika, kacheka halafu kasema anataka Jumamosi jioni aende kwenye kikoba chake na kwa dada yake bila kubeba mtoto. Tumekubaliana, Jumamosi jioni yake, Jumapili asubuhi yangu kwa vile siku hiyo vitumbua hauzi. Kurudi toka ghalani kwa mguu sikuwahi kufikiria, ni kama km 5 nikizungukia barabara ya bandari. Presha ntapima Jumatatu. Swali moja limebaki, Ramadhani. Naona itaangukia humo humo kwenye Februari.

Shangani Pwani

Ndio mkuu, kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11 na miaka hii iko Februari hapo. Kwahiyo maandalizi makubwa yamalize kabla mwezi haujaandama, yaani ile ndefu ya mwisho iwe imeshapita. Ukishaanza kufunga unakua unalinda tu ulichonacho. Wengi wetu tunakimbia dakika 30 au 40 kabla ya magharibi, taratibu sana, ukimaliza adhana hiyo unafungua kwa tende na maji, uji baadae. Wengine baada ya tarawehe, ila wewe na hizo saa zako za kazi utakosa usingizi wa kuamkia daku. Daku kula kitu kinachokaa, muhogo wa kuchemsha, maharage, korosho unazo wewe mwenyewe, na maji ya kutosha.

Siku yenyewe ya mbio utakua msafiri, Mtwara mpaka Moshi ni safari kweli kweli, na msafiri ana ruhusa yake ya kula na kulipa baadae. Muulize shekhe wa msikiti wako mapema akuelekeze, usisubiri usiku wa kuamkia mbio. Na tiketi ya basi kata kwa kupumzika siku moja nzima Dar, usifike Moshi Jumamosi usiku ukakimbia Jumapili asubuhi na miguu imevimba kwa kukaa.