Rekodi ya ukumbini ina roho, ya studio ni safi: mimi na mwenzangu tutoe ipi?

Sikio la Usiku:
Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisaidie kabla sijagombana na mtu ambaye nimepiga naye muziki miaka sita.

Tuko wawili. Mimi niko kwenye gitaa na pedali, mwenzangu kwenye sinthesaiza na kompyuta. Tunapiga ambienti, ule muziki wa polepole usio na ngoma wala mwimbaji, noti moja inaweza kukaa dakika nne ndipo ihame. Tuna kipande kirefu ambacho hatukuwahi kukirekodi vizuri. Mwaka jana tulikipiga mbele ya watu kama sitini, dakika 41, na kwa bahati nzuri kilirekodiwa kwa njia mbili: faili moja ilitoka kwenye miksa, nyingine ni ya maiki mbili tulizosimamisha nyuma ya ukumbi, mita 14 kutoka kwenye spika, zikiwa zimechomekwa kwenye kinasa sauti kidogo cha betri.

Baadaye tukaingia studio siku nne tukakipiga upya. Kimetoka dakika 38, kisafi, kila kitu mahali pake. Shida ikaanzia hapo. Nikiisikiliza ya studio naiona kama picha ya marehemu: ndiye, ila hapumui. Ya ukumbini ina kitu fulani chini kabisa, kama mpigo unaokuja na kuondoka, ambao studio tuliutafuta siku zote nne tusiupate. Mwenzangu anasema najidanganya, ninachokumbuka ni ule usiku, siyo muziki. Anataka ya studio itoke, ya ukumbini ibaki kumbukumbu yetu.

Hoja zake siyo za kipuuzi. Ya ukumbini ina mvumo wa umeme. Mlango unalia mara mbili. Dakika ya 19 kuna mtu anakohoa, na siyo kikohozi cha kuzibia mdomo, ni kile ambacho mtu amekibana weee mpaka kikamshinda, tena palepale sinthesaiza iliponyamaza na gitaa likabaki peke yake. Halafu nikiziweka pamoja faili ya miksa na ya maiki, mwanzoni zinakaa sawa, ila kuelekea mwisho unasikia kama watu wawili wanatembea, mmoja nyuma ya mwenzake. Mwenzangu aliipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele, ikarudi kama tunapiga tukiwa chini ya maji.

Tutoe ipi? Au tuunganishe vipande vya zote mbili?

Nusu Noti:
Dakika 41 bila ngoma? Mimi dakika ya tano ningekuwa nakoroma.

Sikio la Usiku:
@Nusu Noti, wawili walikoroma kweli. Kwetu hiyo ni sifa.

Fundi Miksa:
Mkuu, tuanze na hao watu wawili wanaotembea, maana hilo lina dawa.

Una matatizo mawili, wewe unayaona moja. La kwanza ni umbali. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kufika kwenye maiki zako mita 14 ilichukua milisekunde 41 hivi. Ya miksa haikusafiri popote. Ianzishe faili ya maiki mapema kwa kiasi hicho, au icheleweshe ya miksa, na mwanzo utakaa sawa. Naona hilo tayari umelifanya kwa sikio.

La pili ni saa. Kila kinasa sauti kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikipishana sehemu 20 tu kwa milioni, ambacho ni kitu cha kawaida, kwa dakika 41 zitakuwa zimeachana karibu milisekunde 50. Ndiyo maana mwisho unasikia mwangwi ambao mwanzo haukuwepo. Tafuta mlio mkali unaosikika kwenye faili zote mbili mwanzoni, na mwingine mwishoni. Pima pengo, kisha ivute au ibane faili ya maiki kwa tofauti hiyo ndogo. Usiikatekate vipandevipande, muziki wa noti ndefu huonyesha kila kiungo.

Kikohozi: sikiliza faili ya miksa peke yake dakika ya 19. Kama maiki zenu za jukwaani hazikukidaka, basi kimo kwenye faili ya maiki za nyuma tu. Ishushe faili hiyo taratibu kwa sekunde mbili, ipandishe taratibu. Ukumbi utasinyaa kidogo halafu utafunguka. Hakuna atakayejua.

Na mwambie mwenzako hiyo programu ya kuondoa kelele aiweke mbali. Inatafuta sauti dhaifu isiyobadilika na kuifuta. Sasa mkia wa mwangwi ni nini kama siyo sauti dhaifu? Imefuta muziki wenu ikidhani ni uchafu.

Sikio la Usiku:
Mkuu @Fundi Miksa, nimetoka kusikiliza sasa hivi. Kwenye ya miksa kikohozi hakimo kabisa! Tumekaa miezi minne tunabishania kikohozi ambacho kinaondoka kwa kushusha feda moja, kile kitelezi cha sauti.

Bi Mwangwi:
Msikiondoe.

Haya, kiondoeni mkitaka, ila msiunganishe hizo rekodi mbili. Hilo ndilo swali lako ambalo hakuna aliyeligusa. Moja ina dakika 41, nyingine 38, maana yake zile dakika tatu mlizipunguza kwa sababu hapakuwa na watu mbele yenu. Ukumbini mtu anasubiri kwa sababu anasikia wengine wanasubiri naye. Mkishona kipande cha huku na cha kule, mtapata kitu ambacho hakikupigwa popote.

Halafu mnadhani ni ubishi wenu peke yenu. Mpiga gitaa Robert Fripp na Brian Eno walitoa albamu ya (No Pussyfooting) mwaka 1973. Gitaa la Fripp liliingia kwenye kinasa kanda cha kwanza, kanda ikatoka hapo ikapita mpaka kwenye kinasa cha pili, na sauti ikarudishwa ile ya kwanza, kila noti ikawa inarundikana juu ya iliyotangulia. Upande mmoja wa santuri ni kipande kimoja tu, karibu dakika 21. Sasa niambie, hiyo ni rekodi ya studio au ya jukwaani? Mtu alikuwa anapiga papo kwa papo na mashine inamjibu. Mwaka 1975 wakaupeleka mtambo wao ziarani Ulaya. Onyesho la Paris la tarehe 28 Mei lilizunguka miaka na miaka kwa rekodi za magendo, likaja kutoka rasmi 2014. Karibu miaka 40 watu walilisikiliza na kelele zake zote na hawakulitupa. (Sauti za namna hii hata ukizigeuza hazilalamiki: BBC iliwahi kuicheza ile ya 1973 kinyumenyume kwa bahati mbaya, na toleo la 2008 likaongezewa matoleo ya kinyume, safari hii kwa makusudi.)

Na njia ya tatu ipo. KLF, nao walikuwa wawili, Bill Drummond na Jimmy Cauty, walitoa albamu ya Chill Out mwaka 1990. Kama dakika 44, imepigwa studio lakini kwa mkupuo mmoja, bila kukata. Wakikosea karibu na mwisho, wanarudi mwanzo na kuupanga mtambo upya. Ninyi hizo siku nne mlipiga kwa mkupuo mmoja, au kila mtu alirekodi upande wake?

Sikio la Usiku:
Shikamoo Bi Mwangwi. Kila mtu upande wake. Mimi siku mbili za kwanza, yeye siku mbili za mwisho.

Bi Mwangwi:
Marahaba. Sasa hapo ulitarajia mpumue pamoja vipi?

Waya Mbovu:
Samahani, swali la pembeni. Kipande kiko kwenye ufunguo gani? Na huo mpigo unaosema umeupoteza unakuja mara ngapi kwa sekunde?

Sikio la Usiku:
G. Sinthesaiza inashikilia G ya chini kabisa karibu kipande chote. Mpigo nimeupima kwa saa sasa hivi: kama mara moja kwa sekunde, hivi, kama moyo wa mtu aliyelala. Kwa nini?

Waya Mbovu:
Nilihisi. Keti chini kwanza.

G ya chini hiyo ni 49 Hz, yaani mitetemo 49 kwa sekunde. Umeme wa ukumbi huo, kama ni wa 50 Hz, mvumo wake uko kwenye 50. Noti mbili zikikaribiana hivyo hazisikiki kama mbili, zinasikika kama moja inayovimba na kunywea, na idadi ya mapigo ni tofauti yao. Hamsini kutoa arobaini na tisa ni moja. Mara moja kwa sekunde. Ukisikiliza oktava ya juu yake, 98 dhidi ya 100, utakuta mpigo mwingine mwepesi zaidi, mara mbili kwa sekunde.

Roho unayoitafuta ni waya mbovu, mkuu. Studio hamkuupata kwa sababu studio umeme wao ni msafi.

Kuhakikisha: chukua zile sekunde kabla hamjaanza kupiga, ziangalie kwenye kioo cha masafa, ule mchoro wa programu unaoonyesha sauti iko kwenye Hz ngapi. Ukiona vilele kwenye 50, 100 na 150, ndio huyo.

Sikio la Usiku:
Nimeangalia. 50, 100, 150. Nimekaa nje dakika kumi nzima, sijui nicheke au nilie.

Nusu Noti:
Naomba nifute kauli yangu ya kukoroma. Huu uzi umenoga kuliko muvi.

Fundi Miksa:
@Waya Mbovu heshima yako. Basi tahadhari: mtu asije akaupiga mvumo huo kisu chembamba pale 50 Hz. Ni umbali wa hezi moja na noti yenu ya msingi, mtaing'oa G pamoja nao. Kwenye 150 kata kidogo ukitaka, hapo ndipo mvumo unapochokoza sikio. Hiyo 50 iacheni.

Kama mnataka kuurudisha kwenye ya studio, ongezeni oseleta (kitoa mlio mmoja usiobadilika) moja ya 50 Hz, chini sana, chini ya noti ya sinthesaiza. Kazi ya dakika tano.

Bi Mwangwi:
Dakika tano za kuiga ajali. Mimi sishauri, ila muziki ni wenu.

Kijana wa Mtandao:
Mimi niongelee kutoa tu. Spotify huhesabu msikilizo mmoja mtu akifika sekunde 30. Dakika 41 ni msikilizo mmoja, sekunde 31 nayo ni mmoja. Kuna watakaowaambia mkate kipande mara kumi na nne ili kihesabiwe vizuri. Mkitaka kukata, kateni pale muziki wenyewe unapogeuka, na msikilize kama mchezaji haweki pengo katikati. Majina yakiwashinda, Global Communication, wawili vilevile, mwaka 1994 waliita albamu 76:14, urefu wake, na kila kipande kikaitwa kwa muda wake. Tatizo likaisha.

Na masta, yaani faili ya mwisho ya kutoa, msiibane ili ipige kelele. Huduma hizo husawazisha sauti zenyewe, Spotify inalenga −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika). Mkiibana kwa kompresa, inayosogeza sauti ndogo karibu na kubwa, mtapandisha mvumo, mlango na watu sitini wanaopumua, na sauti itashushwa palepale ilipokuwa.

Mkataba Kwanza:
Kabla ya ipi itoke, andikeni karatasi: nani ana asilimia ngapi ya utunzi, nani ana asilimia ngapi ya rekodi. Ni vitu viwili tofauti. Na kama aliyekuwa kwenye miksa usiku ule alikuwa mtu wa ukumbi, muombeni ridhaa kwa maandishi. Urafiki wa miaka sita siyo karatasi.

Pedi ya Chini:
Habari. Mimi ndiye mwenzake.

Nimetumiwa uzi huu na mtu asiyejua kuwa ni mimi. Kweli dunia ndogo. Nimesoma yote, pamoja na ile ya picha ya marehemu.

Mambo ya mvumo na saa nayakubali, Fundi Miksa na Waya Mbovu mko sahihi na programu ya kelele nimeifuta. Ila kuna kitu ambacho sikumwambia. Dakika ya 27 ya ukumbini nilibonyeza sauti ambayo haikuwa yake. Nilitaka pedi laini, ile sauti pana ya nyuma, ikatoka ile yenye ukali kama filimbi. Nilishindwa kuitoa ghafla, nikaubana ukali wake kwa filta taratibu, karibu dakika tatu, mikono inatetemeka. Watu walikuja baadaye kunipongeza kwa sehemu hiyo hiyo. Mimi kila nikiisikia nasikia kosa. Ndiyo maana naitaka ya studio. Kikohozi kilikuwa kisingizio.

Sikio la Usiku:
Ile ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nilidhani ulipanga. Nilikufuata kwenye gitaa kwa sababu nilidhani ulipanga.

Pedi ya Chini:
Sikupanga kitu.

Mzee wa Kaseti:
Wajukuu, mbona mnahangaika. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Ya ukumbini 41, ya studio 38. Wekeni moja huku, nyingine kule, msikilizaji ageuze mwenyewe. Jueni tu kanda ya 90 ni nyembamba kuliko ya 60, kwa hiyo msiwe wabahili kwenye ubora wake.

Sikio la Usiku:
Mzee umetuokoa. Tumeongea jana usiku, tumekubaliana. Kikohozi kinabaki, mlango unabaki, 150 Hz inapunguzwa, studio haiongezewi kitu. Tumebakiwa na ugomvi mmoja tu: upande A ni upi?

Mzee wa Kaseti:
Hilo halina ugomvi. Upande mrefu ndio A. Wanaotengeneza nakala hukata kanda kwa urefu wa upande huo, ukifika mwisho unageuza na B inaanza palepale. Ukianza na mfupi, msikilizaji atakaa anasubiri kanda tupu iishe au aipeleke mbele kwa mkono. Kwa hiyo A ni ya ukumbini.

Pedi ya Chini:
Nipeni siku mbili, ya studio itafika dakika 42.