Tuzo ya Harlon Hill: mtoto akicheza Daraja la Pili ataonekana kweli?

Mama Baraka, Houston
Wapendwa, habari za jioni. Mwanangu anamaliza sekondari Mei, anacheza futiboli ya Marekani, nafasi ya kwotabeki, yule anayerusha mpira. Vyuo vikubwa kimya. Chuo kimoja cha Daraja la Pili la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, kimemwandikia, na kocha kila akipiga simu ananitajia tuzo ya Harlon Hill. Mjomba wake anasema huko ni kumzika mtoto, hakuna anayeangalia. Tuzo hii ina uzito, au napambwa maneno?

Shaibu, Martinsburg WV
Mama Baraka, shikamoo kama umenizidi. Kocha hajakudanganya. Tuzo hii inatolewa tangu 1986 kwa mchezaji bora wa Daraja la Pili nchi nzima, na wapiga kura ni maofisa habari za michezo wa vyuo vyenyewe. Jina ni la Harlon Hill, kijana wa chuo kidogo cha Florence, Alabama. Chicago Bears, timu ya NFL, ligi ya kulipwa, walimchukua raundi ya 15 ya drafti, pale timu zinapochagua wachezaji kwa zamu, na mwaka wake wa kwanza, 1954, akawasumbua mabeki wa ligi hiyo. Alipostaafu alirudi Alabama akawa mwalimu na mkuu wa shule. Mimi nampendea hilo.

Sasa nikupe la mtaani kwangu. Tyson Bagent ni mtoto wa hapa Martinsburg, West Virginia. Alicheza Shepherd, chuo kilicho karibu na mto Potomac, akachukua Harlon Hill ya 2021. Nilikuwa nakwenda kumtazama. Unakaa karibu na benchi kiasi kwamba unasikia namba anazowaitia wenzake kabla mpira haujaachiwa, na mechi ikiisha watoto wanashuka uwanjani kumshika mkono. Aliondoka na pasi 159 za tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira ukanda wa mwisho, rekodi ya NCAA kwa madaraja yote wakati ule. Na bado siku ya drafti 2023 hakuna timu iliyomtaja! Bears wakamchukua nje ya drafti, na Oktoba ile ile kwotabeki wao alipoumia, Bagent akaanza dhidi ya timu ya Raiders wakashinda 30-12. Mtaa mzima tulipiga kelele.

Kwa hiyo mjomba ana nusu ya ukweli. Tuzo haimpeleki mtu NFL. Danny Woodhead wa Chadron State, Nebraska, aliichukua mara mbili, 2006 na 2007, naye hakuchaguliwa. Walimwona mfupi. Februari 2012 alifunga tachidauni kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na timu ya Patriots. Hawa wawili walionekana kwa sababu walicheza kila wiki, miaka mfululizo. Kwotabeki anayekaa benchi chuo kikubwa hana video ya kumwonyesha mtu. Muulize kocha: mbele ya Baraka wako wangapi, na wako mwaka wa ngapi?

Nyakio, Kansas
Shaibu amesema ya uwanjani, mimi niseme ya mfukoni, kwa sababu mdogo wangu amepita huko. Daraja la Pili timu nzima ina thamani ya ufadhili kamili 36 tu, na wachezaji ni kama mia. Wanagawana. Neno “ufadhili” kwenye simu laweza kuwa vitabu na chakula peke yake. Mdogo wangu aliahidiwa kwa mdomo, barua ilipofika kodi ya bweni haikuwemo, na baba alikuwa ameshawatangazia watu kanisani. Taka maandishi, na uone kama inahuishwa kila mwaka. Kisha ujumlishe na msaada wa masomo. Alama nzuri darasani hujaza pengo.

Mama Baraka
Asanteni sana, mmenifumbua macho. Alama zake ni nzuri. Ila yeye ameanza kucheza kwotabeki juzi juzi tu, zamani alikuwa anadaka pasi. Si amechelewa?

Shaibu, Martinsburg WV
Hajachelewa. Mshindi wa 2017, Luis Perez wa Texas A&M-Commerce, sekondari hakucheza kwotabeki kabisa. Alikuwa mtu wa boling, mchezo wa kuviringisha tufe, akajifunza kurusha kwa kutazama video za YouTube. Akaanzia chuo cha miaka miwili California, akiwa wa mwisho kwenye foleni ya makwotabeki. Mwaka ule aliochukua tuzo, Commerce walitwaa ubingwa wa taifa. Commerce iko Texas hiyo hiyo yako.

Mama Baraka
Kocha anapiga kesho saa kumi na mbili jioni. Nitamweka kwenye spika mjomba naye asikie, na swali la barua ndilo la kwanza.