Mchango wa darasa: kila kaya itozwe, au atoe mwenye moyo?

Hoja: Hapa Mbeya wananchi wanapandisha boma la darasa (kuta bila paa) hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, serikali inapaua na kumalizia. Kuna wanaotaka kila kaya itozwe kiwango kimoja. Mnaonaje?

Mzee wa Kata: Itozwe. Ukiacha hiari, kaya zile zile ndizo zinazotoa kila mwaka, wengine wanasubiri watoto wao wakae kwenye dawati la jirani.

Mama Uyole: Shikamoo mzee, ila hapo sikubaliani. Elimu bila ada ilianza 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni: anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, si kwa mwalimu. Watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa madeni ya wazazi. Na mpangaji wa chumba kimoja Mwanjelwa unamtozaje sawa na mwenye frem sita za maduka?

Fundi Saruji: Mnabishania pesa, boma linafia kwenye lenta. Mtaa unaanza madarasa matatu kwa mpigo, kuta zinasimama, hela inakata. Mvua zikianza Novemba, maji yanaingia juu ya ukuta ulio wazi, tofali za kuchoma zinamomonyoka, nondo zilizochomoza zinakula kutu. Anayekuja kupaua anaanza kwa kubomoa.

Pigeni hesabu ya darasa la mita 9 kwa 7. Lenta inazunguka mita 32. Nondo nne za milimita 12 zikipita kote, ni nondo 12 za mita 12, maungio yakiwemo. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 15 kwa 20, linakula mifuko 7 ya saruji, ringi za kufungia nondo na mbao za kukodi ni pembeni. Hiyo haihitaji kutoza mtaa mzima. Darasa moja lenye lenta ni bora kuliko maboma matatu yasiyo nayo.

Na tofali za saruji: mfuko wa kilo 50 ukitoa zaidi ya 35 za inchi 6, jua umeibiwa. Zimwagiliwe siku 7.

Kijana wa Iyunga: Naunga mkono vifaa badala ya pesa, ila navyo vinapotea. Anayenunua asiwe anayepokea. Mchanga upimwe ndani ya lori kabla haujamwagwa. Saruji ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, itumike ndani ya miezi mitatu. Kila kilichoingia kiandikwe kwenye leja, mapato na matumizi yasomwe mkutano mkuu wa mtaa na kubandikwa ubaoni. Watu hawachoki kutoa, wanachoka kutosomewa.

Mama Uyole: Kusomewa bila risiti ni hadithi tu.

Mzee wa Kata: Marahaba, mwanangu. Hiari bado siiamini. Ila nakubali asiye na pesa achimbe msingi au asombe maji, ihesabike kama mchango. Sasa mwenye nyumba za kupangisha anayeishi Dar, ambaye hata mkutanoni haji, huyo tunampata wapi?