Tupeane uzoefu: Kipaumbele cha mtaa wenu kiliishia wapi kwenye bajeti ya halmashauri?

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Kila ikifika Juni watu tunaanza kubishana kuhusu bajeti kwa sababu Bunge liko Dodoma na redio zote zinaizungumzia. Kwa bajeti ya halmashauri, Juni ni kuchelewa mno. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini rasimu ya halmashauri madiwani huwa wameshaipitisha mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, ikapita mkoani, ikaenda TAMISEMI, ofisi ya Serikali kuu inayosimamia halmashauri. Mkutano wa mtaa wenye maana kwa bajeti ni ule wa miezi ya Septemba hadi Novemba, ambao kwetu wanakuja wazee, akina mama wachache na vijana watatu waliokaa nje ukutani.

Njia yenyewe wengi mnaijua: mkutano mkuu wa mtaa au kijiji unataja vipaumbele, vinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tunayoiita WDC, kisha wataalamu wa halmashauri wanavichambua, Kamati ya Fedha inavipitia, halafu Baraza la Madiwani. Ninachotaka tuzungumze hapa ni kinachotokea njiani. Imani yangu ni hii: kipaumbele hakifi kwa sababu ya uhaba wa fedha peke yake. Mara nyingi kinakufa kwa sababu baada ya mkutano hakuna mtu aliyetumwa kukifuatilia kwenye ngazi inayofuata.

Naanza mimi. Mtaa wetu uko mlimani, nyumba juu ya mawe kama mnavyoijua Mwanza. Gari halipandi, bodaboda inaishia chini. Mama mjamzito akishikwa uchungu usiku anawekwa kwenye kiti cha plastiki, anafungwa khanga kiunoni asiteleze, wanaume wanne wanashika miguu ya kiti, wa tano anatangulia na tochi akiwaambia jiwe lipi linacheza. Mvua ikinyesha, huyo wa tano ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote. Kwa hiyo mkutano ulipoitishwa hatukubishana: njia na mtaro, namba moja.

Kilipanda hadi kata, kikaandikwa. Mwaka uliofuata tukaambiwa hakimo. Nikaenda kuuliza, afisa akanieleza kwa utaratibu kabisa kwamba barabara za mijini na vijijini zilihamia TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo, tangu 2017, na ombi letu lilikaa kwenye orodha ya miradi ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani fedha inazokusanya yenyewe, ambako halikuwa na mwenyewe. Yaani ombi halali, mlango siyo. Safari ya pili tuliandika barua ya mtaa kwenda TARURA wilaya kupitia kwa diwani, tukaambatanisha muhtasari wa mkutano, na tukaahidi mawe na vibarua, maana mawe tunayo kuliko kitu kingine chochote. Sasa kipande cha chini kimejengwa kwa mawe, mtaro upo. Juu bado.

Karibuni. Simulieni mlichoomba, kikafika wapi, na nani alikisukuma. Kwa zile habari za kero, tusitaje ofisi wala majina ya watu, tuongelee jambo lenyewe.

Mama wa Dagaa

Asante mleta mada. Mimi niko kwenye biashara ya dagaa; mwalo, yaani ufukwe wetu wa kushushia samaki, sitautaja. Kilio chetu kilikuwa vichanja vya kuanikia na taa. Dagaa wakianikwa chini kwenye mchanga, mvua ya ghafla ikija unakusanya mchanga na dagaa pamoja, na mnunuzi akitia mkono tu kwenye gunia anajua, anakushushia bei hapohapo. Tuliomba miaka, jibu ni "tumepokea".

Kilichobadilisha mambo ni risiti. Tangu ushuru uanze kukatwa kwa mashine ya POS, kila mmoja ana vile vikaratasi, tena maandishi yanafutika haraka ukiviweka juani. Kikundi chetu kikaamua tuvikusanye kwa msimu mmoja, katibu akaviandika daftarini kabla havijafutika. Tulipokwenda kwenye kikao hatukulia. Tukaweka daftari mezani tukasema: hiki ndicho kilichotoka mwaloni kwetu, tuonyesheni kilichorudi. Diwani wetu alilibeba lile daftari mpaka kwenye Kamati ya Fedha. Vichanja vya kwanza vimejengwa. Taa ziliwekwa, mbili zimeshazima, ila hiyo ni habari nyingine.

Wadogo zangu wa mialo mingine, tunzeni risiti.

Mtendaji Mstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kata kwa muda mrefu, sasa niko shambani Misungwi. Niseme upande ambao wananchi hawauoni.

Kila mwaka unakuja ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha fedha kisichotakiwa kuzidishwa. Kata inaleta maombi, watu wa idara ya mipango wanayajumlisha, jumla inazidi ukomo mara nyingi sana. Hapo ndipo panapokatwa. Na wanaokata hawakai kuangalia nani analia zaidi, wanaangalia kitu gani kinaweza kukamilika. Boma la darasa, yaani kuta zilizofika lenta juu ya milango na madirisha, linashinda karatasi yenye maneno mazuri, karibu kila wakati. Ndiyo maana nilikuwa nawaambia watu wangu wasiorodheshe vitu kumi na viwili. Orodhesheni vitatu, na kimoja muwe mmeshakianza kwa nguvu zenu.

Najua kuna wanaosema hilo linaonea mitaa maskini isiyoweza kuchanga. Ni kweli linaonea. Nilishalisema kikaoni nikiwa kazini na nalisema tena leo.

Jambo la pili: mapato ya ndani ni makisio. Mradi ukiwa kwenye kitabu cha bajeti haina maana fedha ipo benki. Makusanyo yakishuka, pamba ikiwa mbaya au samaki wakiadimika, mishahara na posho hazisubiri, miradi ndiyo inayosubiri. Kwa hiyo msiishie kuuliza "tumo kwenye bajeti?" Ulizeni kila robo mwaka "imetolewa shilingi ngapi?" Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, ingieni mkae nyuma msikilize.

Kijana wa Igoma

Mimi uzoefu wangu ni ile asilimia 10. Kwa ambaye hajui: sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Kikundi chetu tulijisajili, katiba tukaandika, akaunti tukafungua, tukiwa kwenye foleni mikopo ikasimamishwa nchi nzima Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe. Ilirejea 2024.

Katikati hapo wenzetu wawili walikata tamaa wakahama mji. Tuliobaki tuliendelea kuweka akiba kidogokidogo kila Jumapili, na mikopo iliporudi wakaguzi walipofika walikuta kikundi kina vitabu vinavyosomeka. Tukapata. Vikundi vingi vilivyozaliwa kwa ajili ya mkopo tu vilikuwa vimeshasambaratika.

Mwana Kwimba

Nyie mnaongelea mkutano, sisi mkutano wenyewe hauitwi! Mwenyekiti anaandika muhtasari nyumbani, anapitisha karatasi watu wasaini. Hapo unafuatilia nini?

Mtendaji Mstaafu

Ndugu yangu, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Andikeni barua ya kuomba mkutano, wasaini watu wengi, mpelekeeni mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata. Nakala yenu mgongewe muhuri wa "imepokelewa". Barua iliyogongwa muhuri inamfanya mtu ajue kesho ataulizwa.

Na karatasi ya mahudhurio ikija nyumbani kwako, usisaini.

Mkazi wa Kisiwani

Nimesoma yote, sasa niwalete kwetu majini.

Tulijenga boma la zahanati kwa michango. Mawe tulisomba wenyewe, akina mama walichota maji ziwani. Likafika lenta, Serikali ikatuletea fedha za kumalizia, milioni 50, kiwango kilekile wanachopewa wenzetu wa nchi kavu. Tulishangilia, nisiwe mchoyo wa shukrani. Lakini anayepanga kiwango hajawahi kushusha saruji kwenye boti.

Huko Mwanza mfuko unatoka dukani kwenda site kwa toroli. Kwetu unanunuliwa mjini, unapandishwa gari, unashushwa bandarini, unapakiwa, unavuka, halafu boti haifiki ufukweni. Vijana wanaingia maji ya kiunoni, mfuko begani, kichwa kimeinamishwa upande. Wimbi moja likimpiga aliyeteleza, mfuko umekwenda. Iliyoloa tuliipanga pembeni, ikagandia palepale, ipo mpaka leo watoto wanaikalia. Kila hatua ina malipo yake na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye makadirio.

Fedha ikaisha milango haijawekwa.

Tulichofanya: kamati zetu tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zilikaa pamoja zikaandika gharama ya usafiri peke yake, safari kwa safari, na stakabadhi za boti. Mwalimu wetu mmoja alitusaidia kuipanga vizuri. Ikaenda WDC, diwani akaisimamia barazani. Awamu iliyofuata makadirio yalikuja na kifungu cha usafirishaji kinachojitegemea. Milango ipo, dirisha la dawa lipo, muuguzi yupo. Sasa tunapigania nyumba ya mtumishi, maana akilala ng'ambo na ziwa likichafuka, zahanati haifunguliwi siku hiyo.

Mama wa Dagaa

Pole na hongera kaka. Hilo la kuandika safari kwa safari ndilo lilelile la risiti zetu.

Fundi Cherehani

Natumia kiti cha magurudumu. Mkutano wetu wa vipaumbele ulifanyika ghorofani. Nikabaki chini nasikia makofi. Mwaka uliofuata chama chetu kilimwandikia mtendaji mapema, mkutano ukahamia uwanja wa shule, na siku hiyo ndiyo kwa mara ya kwanza njia ya mteremko ya kuingilia zahanati iliingia kwenye orodha. Haikuwa imekataliwa huko nyuma. Hapakuwa na mtu wa kuitaja.

Mleta mada, mtaa wenu wa mlimani mnakutania wapi?

Mleta mada

Swali lako limenigusa dada yangu. Tunakutania juu, kwa mwenyekiti. Wasioweza kupanda ngazi hawafiki, na hao ndio wenye shida na njia kuliko sote. Nitalipeleka kwenye kamati ya mtaa wiki hii tushushe mkutano chini barabarani.

Kijana wa Igoma

Swali kwa mzee wetu mtendaji. Kwetu mkutano ni mwisho wa mwezi huu, na nataka tuanze kwa kusoma vipaumbele vya mwaka jana tuone kilichofanyika. Mwenyekiti anasema muhtasari haupo, mtendaji wa mtaa amehamishwa. Tunaupata wapi?

Mtendaji Mstaafu

Nakala ilikwenda kata. Nendeni wawili au watatu, asiende mmoja, mkiwa na tarehe ya mkutano ule na jina la mtaa kwa maandishi. Waulizeni jalada la vikao vya WDC la robo ile, vipaumbele vya mitaa yote huwa vimeambatanishwa humo. Wakisema hawalioni, ombeni orodha ya miradi ya kata iliyopelekwa halmashauri, hiyo kwa afisa mipango haipotei. Pigeni picha kwa simu kila ukurasa, na mkiupata msome mbele ya mkutano kabla ya ajenda nyingine yoyote.