Hivi habari za uchunguzi zinasaidia kweli au waandishi wanaumia bure?

Mwanaujiji:
Wakuu habari zenu. Niko Kigoma huku, kijijini kwetu tulianza zahanati kwa nguvu zetu, mawe na mchanga tukabeba wenyewe, hela ya serikali ikaja ya kumalizia, sasa jengo limekwama kwenye lenta na tunaambiwa pesa imeisha. Nimemwambia mwandishi mmoja wa redio kasema nimpelekee ushahidi. Wazee wananikataza, wanasema mwandishi Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 2017 mpaka leo, mwandishi mwenzake Mwangosi akauawa Nyololo, Iringa, 2012 akiwa kazini, wewe ni nani. Nauliza kwa moyo kabisa, hizi habari zimewahi kubadilisha chochote?

Kibirizi_Mwaloni:
Mdogo wangu chenji ya rada umeisahau? Ile rada tuliuziwa na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, waandishi wa gazeti la Guardian kulekule London wakafukua habari za mamilioni aliyolipwa dalali, wapelelezi wa serikali yao wakaibana kampuni mpaka 2010 ikakiri mahakamani kwamba haikutunza sawasawa kumbukumbu za mahesabu. Ikakubali kurudisha karibu pauni milioni 30, vikanunuliwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Kuna watoto wamesomea hela ile. Bila wale waandishi ingekuwa imeliwa na kusahaulika.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Mwangaluka. Mimi niko Tabora na naona tusidanganyane, gazeti peke yake halimtoi mtu ofisini. Kashfa ya Escrow ya 2014, ya mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu, iliandikwa sana lakini iliumana pale Kafulila alipoibeba bungeni, CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akakagua, kamati ya bunge ya hesabu za serikali chini ya Zitto ikaisoma ripoti watu tumekaa redioni usiku. Na Kafulila na Zitto wote wawili walikuwa wabunge wa huko kwenu Kigoma! Werema akajiuzulu uanasheria mkuu, Tibaijuka akatolewa uwaziri wa ardhi, Muhongo wa nishati akaachia ngazi Januari 2015. Halafu Desemba ya mwaka huohuo Muhongo akarudishwa wizara ileile, sasa hapo mwananchi unajifunza nini? Mimi iliniuma na bado inaniuma.

Kibirizi_Mwaloni:
Kurudi karudi sawa, ila zile karatasi zilishasomwa na nchi nzima, hakuna wa kuzifuta tena.

Mama Wawili Kasulu:
Nimewahi kuandikia gazeti nikiwa huku wilayani kwa hiyo niseme ninachokijua. Korespondenti, yaani mwandishi wa mikoani asiye na ajira, analipwa kwa habari iliyotoka, isipotoka hana kitu, usafiri hana, akitaka kufika kijijini anapanda gari la halmashauri lilelile analotakiwa kulichunguza na jioni anapewa bahasha, ndo maana habari nyingi za miradi zinaishia "mkuu wa wilaya aridhishwa na ujenzi". Wengi sio wabaya, wana njaa. Sasa huyo wa kwako kaomba ushahidi, huyo mshike, maana mwandishi wa maneno matupu angeshasoma hewani zamani na mngeshitakiwa wote kwa uchochezi. Mpe vitu vinavyoshikika: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji hela ilipotangazwa, taarifa ya mapato na matumizi, BOQ ya jengo (ule mchanganuo wa vifaa na gharama), risiti za saruji na mabati kama zipo, na picha zenye tarehe. Mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu na mapato yasomwe, kama hausomwi hiyo tayari ni habari. Halafu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ukiomba kwa barua ofisi ina siku 30 za kukujibu. Na ndugu yangu usiende peke yako! Barua isainiwe na watu wengi, nakala zisikae nyumba moja, na jina la aliyewapa karatasi lisitajwe hata kwa mkeo.

Mwanaujiji:
Asante sana mama yangu. Mkutano haujaitishwa tangu mwaka jana, mtendaji anasema akidi haitimii, ila muhtasari wa zamani mjumbe mmoja anao. Kinamama waliobeba maji ya ujenzi wamesema watasaini wote. Barua tuipeleke kwa mtendaji au kwa mkurugenzi?

Mama Wawili Kasulu:
Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji na diwani. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, wakikataa kugonga muwe na mashahidi wawili na muandike nani kakataa na saa ngapi. Hiyo nayo mpelekeeni mwandishi.