Mtoto wa miezi 10, Berlin: kita, mama mlezi, bibi kutoka Tanga, au nibaki nyumbani?

Mama Yusra (Berlin)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo, hasa kwa mliokwisha kulea wadogo hapa Ujerumani.

Yusra ametimiza miezi 10 wiki iliyopita. Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee, baba yake yuko ghala la mizigo na zamu zake zinabadilika kila wiki. Posho yangu ya wazazi, hii Elterngeld, inakwisha mtoto akifikisha mwaka, mwanzoni mwa Agosti. Kila usiku akishalala tunakaa mezani na daftari, na kila usiku tunalala hatujaamua.

Kita, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, ina uzuri wake. Berlin ada ilifutwa tangu Agosti 2018, mzazi anachangia yuro 23 za chakula kwa mwezi. Hati ya Jugendamt, ile ofisi ya vijana, tumeshapata, na kuna kita moja dakika saba kwa mguu imetuambia nafasi ipo. Lakini watoto ni wengi, na wanafungua saa moja wakati zamu yangu ya alfajiri inaanza saa kumi na mbili.

Halafu kuna mama mlezi wa nyumbani, Tagesmutter. Kisheria hawezi kukaa na watoto zaidi ya watano kwa wakati mmoja. Nilimtembelea mmoja mtaa wa pili nikakuta wanne wamezunguka meza ya chini wanakula viazi na karoti, wa tano amelala kwenye kigari kibarazani. Moyo wangu ulitulia pale. Ila akiugua yeye, mtoto anarudi mikononi mwangu na mimi nina wazee 12 wanaosubiri kuogeshwa.

Ninayemtaka kwa moyo wangu wote ni mama yangu. Yuko Tanga, ana nguvu zake, na ameshasema, "Mwanangu, nikatie tiketi tu." Na njia ya mwisho ni mimi kubaki nyumbani, kwa sababu likizo ya wazazi inaruhusu hadi miaka 3 bila kupoteza kazi. Ila posho ikikwisha hakuna kitu, na kodi ya nyumba haingoji.

Nyie mlifanyaje? Na mngekuwa mnaanza leo, mngefanya vilevile?

Mwanamvita (Stuttgart)

Hongera kwa mtoto, dada. Shukuru Mungu uko Berlin. Huku kwetu kita ya mtoto wa chini ya miaka 3 nilikuwa nikilipa zaidi ya yuro 400 kwa mwezi, na hata hiyo niliipata baada ya kungoja sana. Haki ya nafasi kwa mtoto aliyetimiza mwaka iko kwenye sheria tangu Agosti 2013, lakini sheria haijengi chumba.

Kwa hiyo nilianza na mama mlezi, na sijuti hata kidogo. Mwanangu alikuwa akilia siku za mwanzo, na yule mama alikuwa akimbeba mgongoni kwa kitambaa huku akipika, vile vile mamangu alivyokuwa akifanya Mombasa. Nikampa leso yangu, akaitumia mwaka mzima. Mtoto aliyezoea kubebwa akiwekwa chini ghafla kwenye chumba cha watoto 15, anaona dunia imembadilikia.

Tatizo ni hilo ulilolitaja. Aliumia mgongo mwezi wa Februari, wiki tatu nikabaki nyumbani. Kabla hujaweka sahihi muulize nani anashika nafasi yake akiumwa. Wengine wamepangiwa mbadala na ofisi ya vijana, na mtoto anapelekwa kumzoea huyo mbadala mapema. Mwenye jibu la "tutaona" muache.

Kaka wa Leipzig

Mbona hamtaji "au pair", yule kijana wa kigeni anayekaa na familia na kusaidia kulea? Mlete binti wa dada yako kutoka Tanga, umpe chumba na posho, na mtoto ataongea Kiswahili kutwa nzima. Mimi naona ndiyo nafuu kuliko zote.

Mwanamvita (Stuttgart)

Kaka, hilo tulilijaribu tukagonga ukuta. Kanuni inasema familia iwe na Kijerumani kama lugha ya mama. Kama si lugha yao ya mama ila wanaongea Kijerumani nyumbani, basi au pair asitoke nchi wanakotoka wazazi. Mtanzania hawezi kumleta mpwa wake Mtanzania kwa njia hiyo. Tena awe chini ya miaka 27, awe na Kijerumani cha mwanzo, na saa zake hazizidi 30 kwa wiki. Usimpe dada matumaini ya bure, atapoteza miezi na binti wa watu atalipia kozi Dar bila faida.

Mama Neema (Köln)

Mama Yusra, sikuandika humu kwa muda mrefu, lakini swali lako limenigusa nikaona lazima nikujibu.

Sisi tulichagua kita na kwa kita yenyewe sina lawama. Walimlisha vizuri, walimtoa nje mvua inyeshe jua liwake, akajifunza kuvaa suruali yake ya mpira ya matope akiwa na miaka miwili. Kosa tulilifanya nyumbani. Neema alichelewa kusema, na mwalimu mmoja akatuita akatuambia tuongee naye Kijerumani nyumbani, eti Kiswahili kinamchanganya. Mimi nilikuwa mgeni, Kijerumani changu cha kuunga-unga, nikadhani mwalimu anajua kuliko mimi. Tukaacha Kiswahili. Nilikuwa namwimbia mtoto wangu nyimbo ambazo sizijui, kwa lugha ambayo sijaizoea kinywani.

Miaka minne baadaye daktari wa watoto, kwenye ule uchunguzi wa kawaida, akatuuliza mtoto anaongea lugha gani nyumbani. Nilipomweleza akatikisa kichwa. Akasema mtoto anabeba lugha mbili bila shida, na mzazi aongee ile anayoiota usingizini.

Lakini muda ulikuwa umeshakwenda. Mwaka jana babu yake aliugua Mwanza. Tulipiga simu ya video, mzee yuko kitandani, sauti imekuwa nyembamba, akasema, "Mjukuu wangu, hujambo? Unakula vizuri?" Neema akaniangalia, akanisogezea simu, akaniuliza kwa Kijerumani, babu anasema nini? Mzee alisikia. Hakuijua lugha, lakini alielewa. Akasema tu, "Haya, mwambie namsalimu."

Kwa hiyo peleka mtoto kita, peleka kwa mama mlezi, popote palipo salama. Ila mlango ukifungwa jioni, iwe Kiswahili. Usimruhusu mtu yeyote akuondolee hilo, hata awe na vyeti vya ualimu ukuta mzima.

Baba Ima (Hamburg)

Mama Neema pole sana. Namwombea mzee nafuu.

Mama Yusra, niseme kuhusu bibi, maana sisi tulimleta mama mkwe. Viza ya kutembea ni siku 90 ndani ya siku 180, hakuna kuongeza kwa sababu ya kulea mjukuu. Utahitaji bima ya safari ya angalau yuro 30,000, na uende ofisi ya wageni uweke ahadi ya maandishi kwamba gharama zake zote ni zako. Hapo ndipo wanapokagua mshahara wako. Kwa hiyo bibi hawezi kuwa mpango wa mwaka mzima. Anaweza kuwa msaada wa miezi mitatu, na inategemea ni miezi ipi.

Sisi tulimleta Januari. Tulikosea. Mama wa watu alizoea kukaa kibarazani, majirani wanapita, hodi hodi kutwa. Huku saa kumi jioni giza, nje barafu, sisi tumekwenda kazini, yuko peke yake na mtoto ghorofa ya nne bila lifti. Hakuthubutu kutoka. Siku moja nimerudi nikamkuta amekaa na koti mwilini na mtoto amefungwa mgongoni, wanatazama dirishani. Akaniambia, "Baba Ima, leo sijasikia sauti ya mtu." Sitaisahau.

Lakini nina swali. Kwenye daftari lenu umeandika kita, mama mlezi, bibi na wewe. Baba Yusra yuko wapi?

Posho ya wazazi ni miezi 12, na inakuwa 14 ikiwa mzazi wa pili naye anachukua angalau miezi 2. Wewe unamaliza 12, hii 2 iliyobaki ni ya baba, na inapotea mtoto akipita miezi 14. Achukue mwezi wa 13 na wa 14, yaani Agosti na Septemba. Atapata kama asilimia 65 ya mshahara anaobaki nao mkononi, na kazi yake inalindwa. Ila mwajiri lazima apate barua wiki 7 kabla. Piga hesabu, ndugu yangu: mna siku chache tu, barua iende wiki hii.

Mimi nilifanya hivyo kwa Ima. Ndimi niliyemzoesha kita. Ule utaratibu wa Berlin ambao kita nyingi wanaufuata, siku 3 za mwanzo mzazi anakaa ndani na mtoto, hakuna kuachana. Siku ya 4 unaaga, unatoka dakika chache, unasikiliza. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yananigusa kidevu, baba pekee kati ya akina mama. Siku ya 4 nikatoka kwenye korido. Alilia, nikashika kitasa cha mlango. Halafu nikasikia mlezi anamwimbia, kilio kikapungua, kikaisha. Mama yake asingeweza kusimama pale, alinikiri mwenyewe.

Mama Yusra (Berlin)

Baba Ima, nimemsomea mume wangu. Amenyamaza muda mrefu kisha akasema, "Kumbe hiyo miezi ipo kweli?" Tulijua ipo kwa maofisa na watu wa ofisini. Hatukuwahi kufikiri mtu wa ghalani anaweza kuiomba.

Bado naogopa habari ya zamu ya alfajiri. Na mtoto akianza kuugua?

Shangazi Rehema (Berlin)

Mwanangu, ataugua. Nakuambia nikiwa nimelea watatu hapa. Majira ya baridi ya kwanza kita, ni mafua, kuhara, macho mekundu, na ule ugonjwa wa vipele mikononi na mdomoni. Simu inaita saa nne asubuhi, homa imepanda, njoo mchukue. Kama mko kwenye bima ya umma, mwaka 2025 kila mzazi alikuwa na siku 15 za kukaa na mtoto mgonjwa kwa malipo ya bima, kwa kila mtoto. Gawaneni. Mimi nilikuwa nabeba zote peke yangu, Machi ikifika zimekwisha na bosi hanisalimii.

Kwa zamu ya saa kumi na mbili, uliza Jugendamt habari za mlezi wa nyongeza. Berlin kuna huduma inaitwa MoKiS kwa ajili ya wazazi wenye zamu kama zenu: mlezi anakuja nyumbani kwako kabla kita haijafunguliwa, anamvalisha mtoto, anampeleka. Ombeni mapema, maana kumpata mtu kunachukua muda.

Na mama yako mlete Oktoba. Hapo baba anakuwa amerudi kazini, mtoto ameshaizoea kita na ndipo mafua yanapoanza. Hali ya hewa bado inampa nafasi ya kutoka. Atakaa mpaka karibu na mwaka mpya, na tarehe 11 Novemba atawaona watoto wakitembea na taa zao za karatasi usiku. Mama yangu alikuja mwezi huo huo, mpaka leo anawasimulia watu Korogwe. Usimwachie mtoto kutwa, ampokee tu kita saa tisa, wale uji, waongee. Nami niko Wedding, mtaa wa hapa hapa Berlin. Nitakuja kumchukua twende sokoni, asikae dirishani kama mama mkwe wa Baba Ima.

Kadi ya chanjo isisahaulike. Kita haimpokei mtoto wa mwaka bila uthibitisho wa chanjo ya surua, ni sheria tangu Machi 2020.

Mwanamvita (Stuttgart)

Na jambo moja dogo lililonisaidia sana. Andika karatasi ya maneno ya mtoto, mpe mlezi abandike ukutani. Mtoto akisema "maji" na hakuna anayemwelewa, anaacha kusema. Lakini andika kwa herufi zao. Mimi niliandika "maji", wakawa wakisoma "mayi", mtoto anawatazama tu. Nikabadilisha nikaandika "madschi". Siku hiyo hiyo akapewa maji.

Mama Yusra (Berlin)

Nimerudi na habari. Barua ya Baba Yusra imepelekwa jana, msimamizi ameipokea na kuitia sahihi, nakala iko kwenye mlango wa friji. Kita ni ile ya dakika saba, kuanzia Agosti, na baba ndiye atakayekaa kwenye kiti kidogo. Mama yangu nimempigia nikamwambia ni Oktoba, siku 90. Alikaa kimya kidogo, akasema basi ataanza kufuma sweta. Shangazi Rehema, nimekutumia namba yangu faraghani. Mama Neema, nimemwonyesha mume wangu ulichoandika, na tangu juzi tumezima Kijerumani humu ndani.

Leo tumeandika ile karatasi. Madschi. Udschi. Njonjo. Beba. Lala. Baba yake akachukua kalamu akaongeza "pole", kwa sababu Yusra akianguka hulia huku anatuangalia mdomoni, anasubiri hilo neno, na akishalisikia ananyamaza. Tumejaribu kuandika pembeni maana yake kwa Kijerumani. Tumefuta mara tatu. Kama kuna aliyeipata, atusaidie kabla ya Agosti.