Mrejesho: moduli ya ndani kwenye Racket (lugha ya kuandikia programu) imekubali

Assalamu alaikum ndugu zangu. Niliuliza kwa nini moduli (kipande cha programu) yangu ya ndani, "bei", haioni fanksheni ya uzito wa karafuu kavu iliyo kwenye moduli kubwa. Kumbe niliandika `module`. Hiyo hukompailiwa (hutafsiriwa kwa ajili ya kompyuta) kabla ya moduli inayoizunguka, kwa hiyo ya nje huweza kuiita ya ndani, lakini ya ndani haioni kitu cha nje. Badala yake nimeandika `module*`, na `#f` (yaani "si kweli") mahali pa jina la lugha: fanksheni zote zikaonekana, hata nisizozitoa kwa moduli nyingine kwa `provide`. Majaribio nimeyaweka kwenye `module+ test`, na amri ya `raco test` inayaendesha vizuri. Aliyeniambia nitazame kinyota (`*`) cha `module*`, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Nimekesha usiku wa pili hapa Wete kwa alama hiyo.